Kahawa ya Siku ya Tatu

Benchi la Zuhdi muuza kahawa ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani mkabala na geti la chuo kikuu, hapa Irbid, na kila anayekikalia ana mahali pake. Upande wa jua ni kwa Shawkat, karani mstaafu wa posta, aitwaye Taarifa kwa kuwa hata akiomba sukari anaomba kama anayesoma habari redioni. Katikati ni kwa Fawwaz kinyozi, yaani Wembe. Mwisho kabisa, karibu na jiko la Zuhdi, ni kwa Abu Nawfal, dereva wa teksi, ambaye mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu gari lake husimama linapotaka lenyewe. Kati ya Wembe na Breki pana nafasi ya mtu mmoja, na huu mwezi wa nane haijakaliwa. Ni nafasi ya Mwalimu Mundhir, anayewafundisha wageni Kiarabu hapo chuoni. Alasiri hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu Mundhir amzike mama yake. Jua likizama tu, matanga yanaanuliwa, na asiyekwenda kutoa pole ndiyo basi tena. Breki alilijua hilo tangu alfajiri, na tangu alfajiri roho yake haikutulia.

Kahawa ilikuwa raundi ya pili alipotokea Mkorea, begi mgongoni. Jina lake Tae-sik, lakini benchi lilikwisha kumbatiza Taysir. Ni mwanafunzi wa Mundhir, darasa la kati, yaani anasoma gazeti vizuri, ila akienda kununua nyanya anazungumza kama yuko juu ya mimbari.

— Asalaam aleikum, enyi mabwana watukufu.

— Waleikum salaam, Taysir, alijibu Wembe. Tumekwambia hiyo "enyi" uiache huko huko chuoni.

— Samahani, enyi wazee.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kijana hakucheka. Alikuwa amevaa shati jeusi lililopigwa pasi, na mkononi alishika daftari.

— Ami zangu, ninakwenda kwa mwalimu. Mama yake amefariki. Sijui nitasema nini.

— Si mnafundishwa hayo?

— Kifo kiko sura ya kumi na nne. Sisi tuko ya tisa. Sura ya tisa, mtu ananunua kabati.

— Lo! alisema Taarifa, akajiweka sawa na kukohoa kidogo. Umefika penyewe, mwanangu. Andika: "Kwa nyoyo zilizojaa majonzi, na kwa macho yaliyokauka kwa kulia..."

— Macho yamekaukaje na ndiyo kwanza anaingia? alidakia Wembe. Msibani watu hawasikilizi maneno, wanakuangalia uso. Wewe Taysir, ingia, simama mlangoni, tazama chini, hesabu mpaka saba. Chozi moja tu, la jicho la kulia.

— La kulia? aliuliza kijana, akiandika.

— Usimpoteze mtoto wa watu! alifoka Taarifa. Chozi ni la mtu asiye na lugha. Huyu amekaa darasani mwaka na nusu. Asome shairi, beti kumi na mbili, nitamtungia mimi.

— Beti kumi na mbili! Watu wana njaa, wali wa mansafu na nyama yake unapoa! Bora aseme anaiwakilisha Korea. Naujua mimi ulimwengu huu. Ukisema umetumwa na taifa lako, unawekwa karibu na meya, kesho uko gazetini.

— Hapo umenena. Basi na barua iwepo, yenye muhuri.

— Na kondoo.

— Kondoo wa nini tena, Wembe?

— Wa taifa!

Kalamu ya kijana ilisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Breki.

— Na wewe, ami Abu Nawfal?

— Mimi sina. Kunywa kahawa yao, toa pole, ondoka.

— Kwanza kahawa au kwanza pole?

Lilikuwa swali la mtu anayetaka kuandika vizuri kwenye daftari, lakini Wembe alipiga paja.

— Wewee! Muulize huyo huyo! Hilo ndilo lililovunja benchi hili.

— Wembe, nyamaza, alisema Breki.

— Sinyamazi, kijana anasoma. Sikiliza, Taysir. Mtu akienda kwa watu na ombi, kahawa akipewa hainywi. Anakiweka kikombe chini, mbele yake, anasema haja yake. Mwenye nyumba akikubali, anamwambia, "Kunywa kahawa yako." Hapo ndipo anapokunywa. Akinywa kabla, maana yake hana haja.

— Nimeelewa.

— Umeelewa kuliko mwalimu wako. Sisi tumekwenda kumposea Nawfal, mtoto wa huyu Breki, wanaume arubaini, na msemaji wetu nani? Mundhir, bingwa wa maneno. Siku hiyo kafundisha tangu asubuhi, koo limekauka. Kikombe kimemfikia tu, kakipiga chote! Baba wa binti akacheka, akasema, "Kumbe mlipita kunywa kahawa. Karibuni tena."

— Ilikuwa aibu ya karne, alisema Taarifa.

Breki aliyakumbuka yaliyofuata, ambayo Wembe kwa adabu yake ndogo aliyaruka. Alikuwa amesimama mbele ya wale wanaume arubaini akamwambia rafiki yake wa miaka thelathini: "Unawafundisha wageni mila zetu, na mgeni ni wewe. Nisikuone tena kwenye benchi letu." Mundhir aliinama, akavaa viatu vyake, akatoka peke yake.

— Binti hakuolewa? aliuliza kijana.

— Kaolewa, alisema Breki. Baba yake alimtoa usiku ule ule. Ana mimba ya miezi saba.

— Kwa hiyo ombi lilikubaliwa.

— Lilikubaliwa.

Kijana alifikiri kidogo, akafungua ukurasa mpya.

— Basi nisaidieni kitu kimoja tu. Nyinyi ni marafiki zake. Mlipokwenda, nyinyi mlimwambia nini?

Taarifa alichungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeona nzi. Wembe alianza kufuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. Wote wawili walikuwa wakimsubiri Breki, maana kwenda bila yeye ni kuchagua upande, na Breki alikuwa akisubiri kitu asichokijua. Siku tatu walikaa pale, kila siku wakisema kesho.

Zuhdi si mtu wa maneno. Aliinua birika, akaligeuza juu chini, na tone moja likaangukia makaa.

— Kahawa imekwisha, alisema. Iliyobaki iko kwa Mundhir.

Breki alibaki akilitazama lile tone likifuka. Halafu akamuuliza kijana, kwa sauti ya chini:

— Tuseme hatukukufundisha kitu. Kwa hayo maneno yako machache, ungesemaje?

— Ningesema: Mwalimu, mama yako amekufa. Nina huzuni. Nimekuja.

— Basi?

— Sina mengine, ami.

Breki alisimama, akatoa funguo mfukoni.

— Ingieni garini.

Gari lilisimama lenyewe nyumba tatu kabla ya ukumbi wa ukoo, wakamalizia kwa miguu. Ndani, wafiwa walijipanga mlangoni, na Mundhir alikuwa wa pili, ndevu hazijanyolewa, koti limemlegea mabegani. Taarifa alipeana naye mkono na majonzi yote ya redio yakamtoroka, akabaki anatikisa kichwa. Wembe naye, macho yake yote mawili yalilia. Kijana alisema sentensi zake tatu, polepole, na Mundhir akamvuta kifuani akamshika hivyo kwa muda. Zamu ya Breki ilipofika, Mundhir alimpa mkono kama anavyopewa mtu yeyote, akatazama pembeni.

Walikaa. Mgawa kahawa akaja na ile kahawa chungu ya msiba, isiyo na sukari wala maneno mengi. Breki alipokea kikombe cha karatasi, akakitazama, kisha akakiweka sakafuni, mbele ya viatu vyake.

Mgawa kahawa alibaki amesimama. Mzee mmoja alinong'ona, "Ombi? Msibani?" Kijana, aliyekuwa akifuata kila afanyalo Breki, naye akaweka chake chini. Wembe akaweka. Taarifa akaweka. Minong'ono ikazunguka ukumbi hadi ikamfikia Mundhir, naye akaja, akasimama mbele ya vile vikombe vinne.

— Una nini, Abu Nawfal?

Breki alitafuta maneno. Ana Kiarabu chote cha dunia, cha mama yake na cha barabarani, na kote huko hakupata kitu.

— Nimekuja, alisema. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na leo naomba mbele ya watu. Nafasi yako ipo. Haijakaliwa.

— Miezi minane, Abu Nawfal. Mama alikuwa akiniuliza kila Ijumaa, yule mwenye gari bovu mbona haji? Nikimwambia gari liko gereji.

Breki aliufunika uso wake kwa viganja, akalia mbele ya ukumbi mzima, na hakujali nani anamwona. Mundhir alivuta kiti, akakaa kando yake. Alikaa hivyo mpaka mwadhini akaanza kuadhini magharibi.

— Kunywa kahawa yako, alisema. Na nyinyi, kunyweni.

Walikunywa wote wanne. Ilikuwa imeshapoa.