Pikapu ya Milango Minne

JONAH: Haloo? Nani mwenzangu? Hii nambari sina.

WAYUA: Ni mimi, shemeji. Wayua.

JONAH: Wayua gani? Paza sauti, hapa kuna spika.

WAYUA: Bibi ya Kasyoki, ndugu yako. Niko hapa Nuu. Nimetumia simu ya Ndinda, jirani. Yangu umekataa kushika tangu asubuhi.

JONAH: Ah, Mama Kiilu. Ningeshika saa ngapi? Kanisa yote iko kwangu Mukuyuni, wamekuja kubariki nyumba. Hao fahali wa karamu, Kasyoki amewafikisha wapi?

WAYUA: Ndiyo hiyo nataka kusema. Abdulkadir amenipigia. Yule wa yadi ya magari huko Kitui, mwenye alikuuzia pikapu. Amewapita kina Kasyoki hapo mbele ya Kwa Vonza.

JONAH: Basi wako njiani. Asante.

WAYUA: Ngoja, shemeji. Anasema gari imelala nyuma. Pua imeangalia juu. Gurudumu za mbele ni kama zinagusa lami tu —

JONAH: Hiyo ni trela. Gari ikivuta trela inakaa hivyo.

WAYUA: Amesema hapana. Amesema ni —

JONAH: Abdulkadir alishauza, Wayua. Maneno yake na hiyo gari yaliisha.

WAYUA: Mpigie Kasyoki asimame. Mimi hashiki simu yangu.

JONAH: Nilimkataza kushika simu akiendesha.

WAYUA: Yako atashika.

JONAH: [anacheka] Yangu, ndiyo.

WAYUA: Basi mpigie. Apunguze mzigo.

JONAH: Sikia. Hiyo gari inavuta tani mbili na nusu. Nilisoma na macho yangu. Fahali watatu na trela yao hawafiki tani mbili.

WAYUA: Kuvuta sio kubeba.

JONAH: Nani amekufundisha hayo?

WAYUA: Si nilikuwa hapo mkinunua? Abdulkadir alifungua mlango wa dereva akatuonyesha kile kibandiko. Kubeba, kilo mia tisa. Akasema hata watu wenye wamekaa ndani wako kwa hiyo mia tisa. Na ile shingo ya trela, vile inakalia gari hapo nyuma, huo uzito pia unahesabiwa.

JONAH: Una kichwa kizuri. Ungekuwa mwanaume ningekuandika kazi.

WAYUA: [mtandao unakwaruza] — magunia nane ya ndengu hapo nyuma. Hiyo peke yake karibu imalize. Halafu wazee wanne wa kanisa ya huku wamekaa ndani, na Kasyoki. Halafu trela imelalia hapo juu.

JONAH: Niliongeza springi.

WAYUA: Springi inainua gari tu. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile. Alikuambia nikisikia.

JONAH: Nilisikia na mimi.

WAYUA: Na Kasyoki alitaka ile nyingine, ya milango miwili. Ile ilikuwa inabeba kushinda hii. Kebini ndogo, mzigo mwingi.

JONAH: Mimi nishuke kanisani na gari ya kubeba kokoto? Tangu lini dereva akamchagulia mwenye gari?

WAYUA: Yeye ndiye anaiendesha, shemeji. Na ni ndugu yako.

JONAH: Ndugu yangu ni mwoga. Hata kuku akivuka barabara Kasyoki anakanyaga breki. Hata leo ameanza.

WAYUA: Ameanza aje? Amekupigia?

JONAH: Alipiga akiwa Kwa Vonza.

WAYUA: Akasema nini?

JONAH: Ati usukani umekuwa mwepesi, ati gari haimsikii. Alikuwa anataka kuacha magunia kwa duka moja hapo arudie kesho.

WAYUA: Ukamwambia aache?

JONAH: Nikamwambia akiacha hata gunia moja, aache na funguo hapo hapo, atembee kwa miguu mpaka Nuu. Madereva ni wengi kuliko ndengu.

WAYUA: Wazee walisikia ukimwambia hivyo?

JONAH: Wasikie. Nilitaka wasikie.

WAYUA: Ngai. Shemeji, nakuomba. Niko chini nimepiga magoti. Kabla hajafika kwa ule mteremko wa kushuka kwenu —

JONAH: Simama, utachafua nguo. Ngoja kidogo, kuna simu ingine inaingia.

WAYUA: Ni yeye?

JONAH: Siijui. Kaa hapo.

[Mtandao unakwaruza. Kwa mbali, kwaya inaimba.]

WAYUA: Shemeji?

[Kwaya inaendelea.]

WAYUA: Shemeji, uko?

JONAH: Niko. Huyo Ndinda yuko hapo na wewe?

WAYUA: Ameenda kuchota maji, ameniachia simu. Nani alikuwa anapiga?

JONAH: Mtu wa bodaboda. Ndinda akirudi, mwambie asiende. Akae na wewe.

WAYUA: Mtu wa bodaboda amesema nini?

JONAH: Trela ilisukuma gari kwa mteremko. Breki hazikushika. Imelala kwa mtaro.

WAYUA: Na watu?

JONAH: Fahali mmoja amevunjika mguu. Wawili wametoka, wanakula nyasi kando ya barabara.

WAYUA: Nimeuliza watu.

JONAH: Wazee wametolewa kwa dirisha. Wamekwaruzwa tu.

WAYUA: Na Kasyoki?

JONAH: Lazima nitume mtu haraka achinje huyo wa mguu. Akifa hivyo hivyo, nyama imeharibika, na wageni wameketi.

WAYUA: Jonah.

JONAH: Sasa nisikilize vizuri. Polisi watakuja, watauliza maneno ya mzigo. Hiyo gari, ni nani aliichagua?

WAYUA: Ni wewe.

JONAH: Ni Kasyoki. Yeye ndiye anajua magari, mimi nilimwachia achague. Na ni yeye alipakia. Umesikia?

WAYUA: Alitaka kushusha.

JONAH: Hiyo tunaijua wewe na mimi.

WAYUA: Na wazee?

JONAH: Wazee ni watu wangu. Na wewe, hapo umelala ni boma ya nani? Shamba ya ndengu ni ya nani? Kiilu anasomeshwa na nani?

WAYUA: Ni wewe.

JONAH: Basi. Nitatuma gari ikuchukue. Usipigepige simu, na huyo Abdulkadir usishike simu yake.

WAYUA: Nambie tu nikuje na nini.

JONAH: Kuja vile uko.

WAYUA: Sio mimi. Yeye. Nimletee blanketi ya hospitali ama nimletee suti?

[Kwaya imenyamaza. Mtu anamwita Jonah akaombee chakula.]

JONAH: Nakuja, mchungaji, dakika moja.

WAYUA: Jonah, blanketi ama suti?

JONAH: Suti. Na ukumbuke, ni yeye aliichagua.

[Simu imekatwa.]