Mkono Uliopumzika Kwenye Paji

Wasikilizaji wapendwa, amani iwakute mlipo. Jumatatu tulimzika Daktari Ragnhild Eikeland, daktari wa nusukaputi, dawa ya kulaza wagonjwa wakati wa upasuaji, hapa Bergen. Aliishi miaka sabini na minne.

Kazi yake ilikuwa kuulinda ubongo wa aliyelala. Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi na kitanda huinamishwa, kichwa kikawa chini. Hapo shinikizo ndani ya fuvu laweza kupanda, na kipimo cha shinikizo la damu mkononi kisiseme neno. Ragnhild hakutoboa fuvu. Aliweka altrasaundi juu ya kope iliyofumbwa, akapima ala, yaani ganda, ya mshipa wa fahamu wa jicho. Fuvu likizidiwa shinikizo, ala hutuna.

Mwanzoni alikosea. Alilikandamiza jicho, vipimo vikamdanganya. Ndipo akaweka kanuni: mkono upumzike kwenye paji, jicho lisibebe uzito. Nairudia: jicho lisibebe uzito.

Torleif, daktari mpasuaji, alizoea kumtania: "Bibi Macho, leo anaota nini huyo?"

"Anaota mpasuaji asiye na maneno mengi."

Ijumaa moja, vafeli, zile keki bapa za moto, zikiwangoja kwenye chumba cha mapumziko, alilazwa kwa upasuaji wa tumbo Oddny, mwalimu wa kwaya, aliyewahi kuvuja damu kichwani. Mkononi, shwari. Jichoni, ala ilitoka milimita tano ikafika sita na nusu. Ragnhild akaomba gesi ipunguzwe, kitanda kisawazishwe. Torleif akanung'unika: utumbo utamzibia njia, naye amebakiza kidogo tu.

"Torleif, rafiki yangu, tumbo litakungoja. Kichwa hakingoji."

Akatii. Ala ikanywea. Kazi ikarefuka kwa saa nzima, vafeli zikapoa. Oddny alipozinduka akaulizwa jina lake. Akalitaja, kisha akasema kuna mtu humu anaimba vibaya. Alikuwa Torleif. Tangu siku hiyo hakuinamisha kitanda kabla ya kuuliza jicho linasemaje.

Sverre, mume wa Ragnhild, aliniambia: "Miaka ishirini nilikuwa jicho lake la mazoezi, pale mezani jikoni. Siku ya mwisho hakuweza kusema. Nikaweka mkono kwenye paji lake, bila uzito. Akatabasamu; nikajua nimefaulu."

Mazikoni kwaya iliongozwa na Oddny.

Sverre, pole sana ndugu yetu. Mola akujaalie subira. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tunao jamaa wanaoonekana shwari kwa nje. Leo tumwendee mmoja, tumtazame vizuri, na mkono wetu uwe mwepesi.