Lango Letu Linastaafu

Bw. Harrison Buya anastaafu tarehe 31 Machi baada ya kuutumikia Ushirika wa Wafugaji wa Ukingoni, hapa Garsen, kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa moja: kumshika ng'ombe mpaka sindano itoke. Anaondoka akiwa na umri wa miaka sitini na uzani wa kilo sitini na moja. Fahali wa kawaida kwetu ana kilo mia tatu na hamsini. Hesabu hiyo tumeifikisha mkutanoni mara nyingi.

Lango la kizimba cha chanjo lilichukuliwa na mafuriko ya mwisho wa 2023. Kamati iliahidi jingine "hivi karibuni". Tangu hapo lango letu limekuwa Bw. Buya, kamba na nguzo moja ya mwarubaini.

Yeye ni mzaliwa wa Hewani, mtoto wa wakulima wa ndizi wa Kipokomo. Alipoajiriwa mwaka 1992, wafugaji walikuja kumtazama tu. Mzee Hiribae, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alimuuliza, "Wee Mpokomo, huyo ni fahali au mkungu wa ndizi?" Akajibiwa kwamba mkungu ni afadhali, maana mwenye mkungu hapigi kelele. Utani huo haujapata mshindi hadi leo. Enzi hizo Bw. Buya alishika pembe na kumwangusha fahali kabla mwenye sindano, yaani mwandishi huyu, hajavuta dawa.

Mwaka jana kamati ilipima nguvu zetu kwa kutukimbiza na magunia ya chumvi ya kilo hamsini, kutoka lori hadi ghalani. Kati yetu wafanyakazi wanne, Iha, mwenye miaka ishirini na tisa, alikuwa wa kwanza. Bw. Buya alikuwa wa nne. Ikaamuliwa amalizie muda wake ghalani. Alilalamika mara moja tu: aliingia kazini kwa ng'ombe, basi asitolewe kwa chumvi.

Chanjo iliyofuata, Iha alishika kamba. Alivuta kwa mishtuko kama anayeng'oa kisiki. Kufikia ng'ombe wa ishirini alikuwa ameishiwa nguvu. Aliyefuata, fahali wa Mzee Hiribae, alipita na kamba pamoja na Iha, na kisanduku cha dawa kikabingirika. "Nileteeni yule wa ndizi," Mzee akaagiza.

Bw. Buya alitoka ghalani, akaizungusha kamba nguzoni, akaiegemea. "Usimvute, baba. Mkalie tu mpaka achoke," alimwambia Iha. Waliosalia wote wakachanjwa.

Bi. Rachael, mtaalamu wa viungo aliyekuja kulitazama bega la Iha, aliieleza kamati kwa lugha nyepesi. Umri hula kwanza nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya haraka; ndiyo maana mzee akikimbia na gunia huishiwa upesi. Zile za polepole hudumu, na kwa kushika tu bila kusogea, mzee anaweza kumchosha kijana. Ila kijana akipumzika kidogo hurudi sawa; mzee huchukua siku. Kamati ilishukuru, ikamrudisha Bw. Buya kwenye kamba. Lango halikutajwa.

Jumanne iliyopita alishika fahali wake wa mwisho. Ng'ombe alipoachiwa, vidole vya Bw. Buya vilikataa kufunguka. Chai ya kumuaga ikaletwa, ikabaki mezani. Mzee Hiribae akamfungua kidole kimoja kimoja, akainua kikombe, akamnywesha mpaka kikaisha, wala hakutaja ndizi. Kwa miaka thelathini na minne, hiyo ndiyo mara ya kwanza tumeona mtu akimshikia Bw. Buya kitu.

Asante, Bw. Buya. Urudi Hewani salama, mikono ipumzike, migomba izae, na kila utakachokishika kuanzia sasa kiwe kimetulia. Wafugaji wajue kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili kizimba kitakuwa wazi, kwa maana ya kwamba hakina lango.