Msimwamshe Paka wa Fundi

Mbele ya duka la fundi cherehani, chini ya bati lililotokeza kama ukingo wa kofia, kuna benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Hapo ndipo kila siku, kahawa ikishachemka, hukaa watu wale wale. Kuna Pima Mbili, seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyepata jina hilo kwa sababu hupima mara mbili na bado hukata fupi. Kuna Nukta, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye kila akimaliza kusema hutamka "nukta", kisha huendelea. Kuna Bibi Birika, mwenye kahawa, ambaye humimina kwa mkono mmoja na kuhukumu kwa mwingine. Fundi mwenyewe hana haja ya kutoka nje. Cherehani yake iko mlangoni, na yeye hushona huku sikio moja likiwa benchini.

Jumatatu hiyo Fundi alikuwa na muda hadi saa kumi jioni. Saa kumi angekuja mtunza ghala la nafaka kumchukua paka, na mke wa Fundi alikwisha sema kwamba akirudi nyumbani jioni na kumkuta yule mnyama chini ya paa lake, atalala yeye dukani juu ya vitambaa, na Fundi abaki na paka wake. Hakusema kwa ukali. Alisema huku amefumba macho, ameegemea ukuta wa jikoni, na hilo ndilo lililomtisha Fundi.

Kusema kweli mama yule hakuwa na kosa. Alikuwa mpishi wa shule, mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri, na Alhamisi alitia chumvi mara mbili katika sufuria la watoto mia mbili. Fundi naye hakuwa nyuma. Ijumaa alimaliza mashati kumi na mawili ya wahudumu wa hoteli, akayapiga pasi, akayakunja, na mwenye hoteli alipokuja kuyachukua ndipo walipogundua kwamba yana matundu ya vifungo pande zote mbili. Kifungo hakuna hata kimoja, wala mahali pa kukishonea.

Paka aliitwa Pamba. Alikuwa mweupe, mnene, na ana heshima zake mchana. Lakini ikigonga saa nane usiku alikuwa kiumbe kingine. Alipanda juu ya kabati na kusukuma kopo la vifungo mpaka linadondoka. Alilia mlangoni mwa bafu kana kwamba kuna jamaa yake amefungiwa ndani. Alimkalia Fundi kifuani na kumgusa kope kwa unyayo, taratibu, mara moja, mara ya pili, kama karani anayegonga mlango wa bosi. Walimfungia nje ya chumba, akakwaruza mlango. Walimpa chakula saa nane ili anyamaze, naye kuanzia siku iliyofuata akaja saa saba.

Angekuwa wa kufukuzwa, angekwisha fukuzwa kitambo. Ila Pamba hakuwa wa Fundi. Alikuwa wa kitinda mimba wao, binti aliyeolewa mbali miezi minne iliyopita, na ambaye siku ya kuondoka alimweka paka mikononi mwa babake, akasema, "Baba, nakuachia huyu," kisha akapanda gari bila kugeuka. Kila Ijumaa jioni hupiga simu. Huanza kwa kuuliza hali ya paka, ndipo afike kwa wazazi. Fundi alijua kwamba Ijumaa ijayo angeulizwa swali lile lile, na wakati huo paka atakuwa ghalani.

Alipolifikisha jambo hilo benchini, hakuna aliyemwambia pole. Benchi halina kawaida hiyo. Walianza kumtafutia sababu.

Pima Mbili ndiye aliyetangulia. Alisema tatizo ni mchwa. Paka ana masikio ya kumsikia mchwa akitafuna mbao, na bila shaka kenchi za Fundi zimeliwa, paa liko mbioni kuanguka, na mnyama wa watu anatoa taarifa. Fundi alimkumbusha kwamba anakaa chini kabisa katika nyumba ya ghorofa tatu, na juu yake hakuna kenchi, kuna majirani. Pima Mbili hakuyumba. Alisema basi ni mchwa wa kitanda. Dawa yake ni kumchongea paka kitanda chake mwenyewe, cha mbao ngumu. Akatoa futi kamba na kumpima Pamba, ambaye wakati wote huo alikuwa amelala fofofo katikati ya benchi, juu ya kipande cha mahameli kilichobaki kwenye pazia la mteja. Alimpima mara ya kwanza, akaandika. Alipompima mara ya pili paka alikuwa amejinyoosha, na vipimo havikulingana hata kidogo.

Seremala alicheka kwa sauti. Bibi Birika akampiga kofi gotini.

— Taratibu wewe. Utamwamsha, na maskini usiku kucha hajafumba jicho.

Wakashusha sauti wote. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya kila siku tangu Fundi aanze kuja na paka dukani. Mwenye pikipiki akitaka kuegesha hapo walimwonyesha kwa mkono aisukume mpaka kona. Lori likipita, Nukta alimfunika Pamba masikio kwa kofia yake.

Nukta alisubiri lori la siku hiyo lipite, akairudisha kofia kichwani, akasema kwamba seremala haoni zaidi ya ncha ya msumari wake. Suala hili ni la dunia nzima. Hapa kukiwa mchana, upande wa pili ni usiku, na kinyume chake. Paka huyu si mkorofi, anaishi kwa saa za upande wa pili. Pengine babu yake mzaa babu alikuja na meli, na damu haijapata kurekebishwa. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo mtoto wa mgeni ni mgeni, nukta. Na tiba, aliendelea, ni kumsogeza kidogo kidogo kuelekea mashariki mpaka saa zake zikutane na za kwetu. Fundi aliuliza nyumba ataisogezaje. Nukta alijibu kwamba hilo ni swali la utekelezaji, na yeye ametoa nadharia tu.

Bibi Birika alikuwa akisuuza vikombe. Alipoanza kusema hakumtazama paka. Alimtazama Fundi.

— Wewe baba, unakoroma?

Fundi alisema hajui, maana saa hizo huwa amelala.

— Mkeo anasema unakoroma. Tena anasema unakoroma, halafu unanyamaza ghafla, halafu unaanza tena. Sasa fikiria wewe ni paka. Umekaa gizani unamsikiliza mzee anavyonguruma, mara kimya. Utafanyaje? Si utakwenda kumgusa jicho uone kama yupo?

Pima Mbili alisema kwa kweli hilo hakulifikiria. Nukta alisema lina mantiki, ingawa halina ushahidi. Bibi Birika hakuwajali.

— Huyo binti yako, baba. Una hakika alikuachia wewe paka? Mie naona alimwachia paka wewe.

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Alijua ni maneno ya kahawa. Juzi tu Bibi huyo huyo aliapa kwamba mvua huchelewa kwa sababu ya antena za simu. Lakini yalimwingia, na alibaki ameshika kola ya mtu mkononi bila kukumbuka ni ya mbele au ya nyuma. Aliuona tena mgongo wa binti yake akipanda gari. Mpaka siku hiyo alidhani mtoto hakugeuka kwa kuwa alikuwa na haraka.

Mtunza ghala alifika kabla ya wakati, saa tisa na nusu, amebeba katoni aliyoitoboa matundu pembeni ili paka apumue. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na hakuwa amewahi kukaa kwenye benchi hilo. Aliwakuta watu wanne wazima wameinamiana, wanaongea kwa sauti ya chini kama watu waliomzunguka mgonjwa. Akaiweka katoni chini polepole, akavua kofia.

— Poleni sana, alisema. Nani amefariki?

Wakamwambia hakuna aliyefariki.

— Mbona mnanong'ona basi?

Bibi Birika akamwonyesha paka kwa kidevu.

— Amelala.

— Tangu saa ngapi?

— Tangu nilipofungua duka, alisema Fundi.

— Na jana?

— Jana pia. Usiku hapati usingizi, ndiyo maana tunamwacha apumzike.

Mtunza ghala aliwatazama mmoja mmoja, bila dharau, kama mtu anayehesabu magunia na kuona hesabu inakataa. Nukta alihisi kwamba benchi zima linashitakiwa, akajitolea kulitetea. Alieleza kwamba hawakufanya hivyo kwa ujinga. Wahenga walikwisha kuonya: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

— Sasa, mwalimu, alisema mtunza ghala, si ndicho Fundi anachokitafuta? Kulala?

Nukta alivua kofia, akaikung'uta vumbi. Pima Mbili akaanza kukunja futi kamba yake kwa makini makubwa. Bibi Birika aliinua birika kuwamiminia, na kumbe lilikuwa tupu.

Mtunza ghala hakukaa juu ya ushindi wake. Alisema kwamba kwake kazi ni ya usiku, panya ni wengi, na paka wa namna hii angefurahi huko kuliko kwa watu wanaotaka kulala. Alisema ukweli mtupu, na Fundi aliujua. Kisha akauliza kama amchukue.

Fundi alitoka nyuma ya cherehani. Akamtia Pamba mikono chini ya makwapa, akamwinua juu mpaka miguu ikaning'inia, mnyama mzima mrefu kama kanzu isiyopigwa pindo. Pamba alifungua jicho moja, akaonyesha kwamba ameonewa.

— Niachie mpaka Jumamosi, alisema Fundi. Asiponyooka, njoo na katoni yako.

Jioni alimweleza mkewe. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba Jumamosi si mbali, akaenda kulala na pamba za dawa masikioni.

Wiki hiyo benchi lilifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu liundwe. Walishika zamu. Asubuhi Pima Mbili alimburutia paka futi kamba kutoka mguu wa tofali mpaka mlangoni na kurudi, huku wateja wake wakimngoja ng'ambo. Adhuhuri Bibi Birika alimrushia vizibo vya chupa. Nukta alipewa alasiri, akaamua kumsomea gazeti kwa sauti, na hiyo ndiyo zamu pekee ambayo Pamba alisinzia, kama walivyosinzia wanafunzi wake kwa miaka thelathini. Wakamnyang'anya Nukta gazeti, wakamkabidhi kamba ya kiatu. Usiku, chakula cha paka kilitolewa mara moja tu, watu wakielekea kitandani, na iwe saa saba au saa nane, hakuna aliyeinuka kumpa kitu hata alipolia.

Jumanne hali ilikuwa ile ile. Jumatano ilikuwa mbaya zaidi, na jirani wa juu alitwanga sakafu kwa kitu kama mchi. Alhamisi Pamba alilia kidogo, akaacha. Ijumaa jioni binti alipiga simu, akauliza hali ya paka. Fundi alisema hajambo, anashinda na watu. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, alimuuliza na yeye kama analala vizuri huko aliko. Binti akasema sasa analala, baba. Mwanzoni hakuwa akilala.

Jumamosi asubuhi mtunza ghala alikuja na katoni yake, kama alivyoahidi. Aliwakuta watatu wa benchi wamemzunguka Fundi, ambaye macho yalikuwa mekundu kuliko siku zote na kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Hakuna aliyenong'ona. Pamba alikuwa chini ya meza ya kukatia, macho kodo, anapigana na kipande cha lastiki.

— Kwa hiyo alilia, alisema Pima Mbili, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

— Hakulia.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo. Alilala saa nne, akaamka na adhana ya alfajiri.

Bibi Birika alimwambia asiwazungushe. Kama paka alilala, macho hayo ameyatoa wapi?

Fundi alikunywa kahawa kwanza.

— Niliamka saa nane mwenyewe, alisema. Kimya. Nikangoja kopo lianguke. Halikuanguka. Nikangoja alie. Kimya tu. Nikasema moyoni, huyu amekufa, na jana tu nimemwambia mtoto kwamba hajambo. Nikaondoka kitandani polepole nisimwamshe mama watoto, nikaenda sebuleni kumwangalia kama anapumua.

— Na alikuwa anapumua?

— Sikumfikia. Nilimkuta mama watoto ameshanitangulia, kachuchumaa na tochi, anahesabu pumzi.

Mtunza ghala aliuliza alikuwa amefika ngapi.

— Mia mbili na kitu. Nikachuchumaa na mimi, akapotewa na hesabu. Tukaanza upya, moja.