Fundi Utepe, Mpimaji wa Watoto wa Vijiji Sita

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, akaingia kwenye ufundi wa baiskeli, kazi iliyowalea yeye na wadogo zake wote.

Mwaka 1984 alimwoa mshonaji wa nguo, wakajaliwa watoto watano. Kitinda mimba wao alifariki kwenye ukame wa 1992, akiwa na miezi kumi na minne. Kila alipomkumbuka, marehemu alikuwa akisema, "Tulidhani ni wembamba wa ukoo. Hakuna aliyetuambia ni ugonjwa."

Ndiyo maana mwaka 2009, kijiji kilipotafuta mhudumu wa afya ya jamii, hakungoja kuombwa. Siku ya kwanza akina mama waliwaficha watoto. Mmoja akamwambia, "Fundi, mtoto si gurudumu." Alicheka, akakaa chini vumbini, akajipima mkono wake mwenyewe kwa utepe wa rangi tatu wa kupimia utapiamlo: kijani ni mzima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni wa kuwahiwa. Wakamwachia watoto, na jina la Fundi Utepe likamganda, hadi vijiji vitano vya jirani.

Mwaka huu mvua zimegoma msimu wa tatu mfululizo. Mwezi Julai pakiti za chakula dawa, kile cha kuwatibu watoto wa nyekundu, ziliisha zahanati. Marehemu aliendelea kupita nyumba hadi nyumba, akipima, akiandika majina daftarini, akiondoka mikono mitupu. Mjukuu wake naye akaangukia kwenye nyekundu. Alimwandika kwa zamu yake, wa sabini na moja, na mkewe hakusema naye siku mbili.

Alimwendea muuguzi wa zahanati, akamwekea daftari mezani. "Napima ili iweje? Sina cha kuwapa."

"Ukiacha kupima," muuguzi akamjibu, "huko juu watasema hakuna mtoto mgonjwa."

Akalichukua tena.

Moyo wake ulikuwa umetanuka, na daktari alishamkataza baiskeli tangu mwaka jana. Hata hivyo, Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025 aliendesha kilomita arobaini hadi ofisi ya afya ya wilaya. Aliambiwa asubiri. Akakaa kwenye benchi la ukumbini siku mbili, daftari mapajani. Siku ya tatu alianguka. Alifariki hospitalini, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Pakiti zimeletwa juzi, za watoto arobaini. Daftari lina majina mia moja na kumi na mawili. Muuguzi ameshindwa kufika mazishini. Yuko zahanati, anachagua.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Binti yake mkubwa hayupo hapa. Yuko wodini na mwanawe, yule wa sabini na moja, ambaye tangu jana hajafumbua macho.

Wenye watoto waliomo daftarini wameombwa wasingoje kaburi lifukiwe. Waende zahanati sasa hivi. Mzee wetu ataelewa.

Na apate pumziko la amani.