Mizizi ya Winchi

Benchi la nje ya ghala ni la watu wanne, lakini asubuhi ile walikaa watatu na kuacha pengo katikati, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kulijaza. Winchi, mbeba magunia, walikuwa wamemzika juzi. Mtu aliyekuwa akipiga soga na gunia la sukari begani, kaisha ndani ya wiki tatu! Aliyeumia kuliko wote ni Msasa, seremala, kwa kuwa chupa ya unga wa mizizi aliileta yeye. Kahawa aliishika tu bila kuinywa. Alikuwa akingoja mtu mmoja amwambie kwamba haikuwa ile dawa iliyomuua.

— Mizizi haiui, bwana, alianza Redio, kinyozi. Inaamsha homoni tu. Zimelala, inazigongea mlango.

— Homoni za mtu mzima unaziamsha ziende wapi? akadakia Kanuni, karani mstaafu. Unazaliwa nazo zimehesabiwa. Ukizimaliza zote kwa wiki tatu, unabaki na nini?

— Acha zako! Mbona wanariadha wanatumia?

— Wale wanakimbia, zinatoka na jasho. Winchi alikuwa anainama na gunia, zikamshukia kichwani.

— Hapo umesema! Wiki ya mwisho nilimnyoa mara mbili. Nywele zinaota utadhani zimemwagiwa mbolea.

— Basi ndizo hizo. Nywele zimemnyonya damu.

Siku nyingine Msasa angecheka mpaka akamwaga kahawa. Leo maneno yao yalimchoma.

— Nilimwambia kijiko kimoja asubuhi, alisema. Kimoja tu, jamani.

— Huna kosa, ndugu yangu, Redio akamwambia. Si alikuja mwenyewe hapa, akasema nguvu zimemwishia? Sote tulisikia.

— Na tulivyocheka! Kanuni alisema, kisha akapunguza sauti. Mimi nikamwambia asipojitibu, shemeji atamhamisha chumba.

Msasa alikumbuka yote. Winchi naye alicheka kidogo, akaegemea ukuta. Kesho yake alipopewa chupa aliipokea kwa mikono miwili, akasema, “Ahsante, ndugu yangu. Umenionea huruma.” Msasa alidhani ni aibu ya chumbani iliyomfanya ashukuru vile.

Mjane wa Winchi akatoka ghalani, alikokwenda kuchukua vitu vya mumewe. Alishika viatu na shati la kazi. Wote watatu wakasimama.

— Pole, shemeji.

— Nimeshapoa. Shemeji zangu, nilikuwa nawatafuta. Marehemu alifika mahali hawezi kupanda ngazi tatu za mlangoni bila kukaa chini. Miguu imevimba, viatu namvua mimi. Nikimwambia twende hospitali, ananijibu, “Wenzangu wanajua ninavyoumwa, wameshanipa dawa.”

Akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatesa.

— Alipowaambia nguvu zimemwishia, mlimuuliza nguvu zipi?

Redio akamtazama Kanuni, Kanuni akatazama chini. Msasa akakiweka kikombe chake benchini. Machozi yakamshuka mbele ya shemeji yake, na mama yule akaendelea kusimama pale, akingoja ajibiwe.