Mama Majike na Mlango wa Chui

Ndugu waombolezaji, mliopata viti na mliosimama juani, poleni sana kwa msiba huu, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba mumvumilie.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Majike, na wengine mlidhani ndilo jina alilopewa na wazazi, alizaliwa Jumapili tarehe 3 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi bomba na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1969, ambako, kwa ushuhuda wa mwenzake aliyelala kitanda cha juu, na yupo hapa leo, aliogopa radi, mbwa, jongoo na mwalimu wa hesabu. Tunalisema hili mapema kwa sababu gazeti moja liliwahi kumwita mwanamke asiyejua hofu, akalisoma, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Mwezi Machi 1970 aliajiriwa kwenye studio ya picha za vitambulisho, chumba kisicho na dirisha mkabala na posta, akajifunza kuosha filamu na kuwaambia watu wazima wainue kidevu, hadi tarehe 1 Septemba 1976 alipochukuliwa na bustani ya wanyama kuwa mpiga picha wao. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kubadilisha picha za vibao vya kwenye vizimba, akakuta vibao vyote vina madume tu, simba mwenye manyoya shingoni, tausi mwenye mkia, swala mwenye pembe, kiasi kwamba watoto wa shule wakifika kwa mbuni jike, kwa vile ni wa kijivu, waliuliza kama anaumwa. Akamwendea meneja, akamwambia kwamba kwa vibao hivi inaonekana wanyama wa hapa wote wamezaliwa na baba zao, meneja akacheka, akamwambia haya, basi tuletee hao mama. Ndivyo ilivyoanza. Dume, alikuwa akituambia, hujileta lenyewe mbele ya kamera kama bwana harusi, lakini jike ni wa kungojwa, hasa mwenye mtoto, na anayemngoja jike mwenye mtoto bila kuogopa, huyo hajui anachokitazama.

Huko huko bustanini alikutana na mtunza chui, kijana mrefu mwenye maneno machache, wakafunga ndoa tarehe 15 Julai 1978, wakajaliwa binti mwaka 1980, ambaye sasa ni mwalimu, na mtoto wa kiume mwaka 1986, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watatu mnaowaona hapa mbele.

Tarehe 21 Februari 1984, saa tatu asubuhi, shemeji yetu aliingia kizimba cha nje kuweka maji, akijua kwamba chui jike, aliyekuwa na watoto wa siku tisa, amefungiwa chumba cha ndani, kumbe sivyo, mlango wa chuma ukasukumwa, na kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka kumi na tano, chui alikuwa juu yake. Aliokolewa kwa bomba la maji, akalazwa miezi mitatu, akatoka bila mkono wa kushoto. Sheria ya watunzaji ilikuwa moja, kabla ya kuingia unapaza sauti, "Mlango?", na aliyesimama kwenye ujia analitazama komeo, analigusa kwa mkono, ndipo anajibu, "Umefungwa!" Kamati ya uchunguzi ilipokaa, shemeji alisema alisahau kuuliza, akaachishwa kazi kwa barua yenye neno uzembe, na neno hilo likamfuata mtaani miaka nenda miaka rudi.

Dada aliomba kuondoka bustanini mwaka uliofuata, akapata kazi ya kupiga picha za vitabu vya shule, akaanza kuwafuata majike porini, mumewe akiwa naye kila safari, akibeba stendi ya kamera kwa mkono uliobaki na kumlinda mgongo. Alimpiga picha mamba jike akiwabeba vitoto mdomoni, tembo akimsukuma ndama kwa mguu wa mbele, fisi jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume na bila kumtazama siku nzima huwezi kumtambua, kwa jumla aina mia moja arobaini na tatu, wa vizimbani na wa porini. Watu walizisifu picha zile kwa utulivu wake, ila kilichotulia pale ni stendi, mwenyewe alikuwa akitetemeka mpaka vifungo vya shati vinagonga.

Na nyumbani alikuwa na kituko chake, ambacho sisi nduguze tulikifanyia mzaha bila huruma, kwamba hakuwa akijibu swali lolote papo hapo. Ukimwuliza kama chumvi ipo, ataondoka aende kabatini, aishike, ndipo aseme ipo. Ukimwuliza kama mtoto amelala, ataenda kumgusa. Tulimwita jaji, tukamwambia hukumu zake zinachelewa, naye alitabasamu tu, na mdogo wake huyu anayesoma ndiye aliyeongoza kucheka, Mungu amsamehe.

Tarehe 6 Machi 2023 aligundulika kuwa na tatizo la moyo kupanuka, akatibiwa na kuruhusiwa mara nne, mpaka tarehe 28 Aprili mwaka huu wa 2025 alipolazwa tena, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Huko alimwita mdogo wake huyu anayesoma, akampa bahasha, akisema historia yake ameiandika mwenyewe, kwa sababu akimwachia yeye atapamba, akaagiza isomwe yote, mbele ya watu wa bustani. Alifariki dunia tarehe 11 Mei, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Bahasha ilifunguliwa jioni yake, karatasi ya kwanza ina tarehe na kazi mlizokwisha kuzisikia, na ya pili inasema hivi.

"Mume wangu aliuliza. Aliuliza kwa sauti, nami nilikuwa kwenye ujia, jicho langu likiwa ndani ya kamera, namtazama chui kupitia nondo akiwalamba wanawe, nikajibu umefungwa, na mkono wangu haukugusa komeo. Komeo lilikuwa limeingia nusu. Aliposema kwenye kamati kwamba hakuuliza, nilidhani ile damu ilimtoka pamoja na kumbukumbu, nikanyamaza, na tangu siku ile nimeishi nikiogopa atakumbuka. Akikatiza maneno, kijiko kikiwa hewani, moyo wangu ulisimama, mpaka aseme anatafuta jina la mtu. Sijawahi kumwogopa mnyama yeyote kama nilivyoogopa siku mume wangu atakaponigeukia na kuniuliza, mbona ulijibu?"

Ndugu zangu, tulikaa kikao cha familia juzi, kaka yetu mkubwa akasema funika kombe mwanaharamu apite, marehemu hasemwi vibaya, na mdogo wake huyu aliunga mkono, tena upesi, maana naye ni mwoga, wa damu moja. Binti yake ndiye aliyesema hapana, baba aulizwe kwanza, jina lililochafuka ni lake.

Tukamwendea jana asubuhi, tukamkuta jikoni anaosha kikombe, amekibana kwenye kona ya sinki kama anavyofanya siku zote, tukamsomea. Hakushangaa. Alifunga bomba, akasema kwamba alijua tangu siku ile, kwa sababu jibu lilikuja kabla hajamaliza kuuliza, na aliingia hivyo hivyo kwa kumwamini mkewe, ndiyo maana kwenye kamati alisema hakuuliza, maana kama angemtaja mkewe, wangemmaliza yule mwanamke siku ileile. Tukamwuliza, sasa mbona hukumwambia, miaka arobaini na mmoja, shemeji? Akasema, niliogopa, mke wangu akijua kwamba najua hataweza tena kunitazama usoni, nikamngoja aseme mwenyewe. Tarehe 10 Mei pale wodini shemeji alifungua mdomo amwambie, dada akamkatiza, akamwambia aende nyumbani apumzishe bega, naye akashukuru kupata kisingizio, akasema kesho. Hapo ndipo shemeji yetu alipolia, ambaye hatujawahi kumwona akilia hata kwa mkono wake, akasema someni yote, someni kwa sauti, mke wangu amekufa akiogopa jambo nililomsamehe kabla damu haijakauka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani mliotuletea maji na viti bila kuombwa, wachapaji wa vitabu vya shule, na wafanyakazi wenzake wa bustani ya wanyama, wa zamani na wa sasa, ambao tunawaomba jambo moja tu, mkirudi kazini mlifungue jalada la mtunza chui wa mwaka 1984, muandike kwamba aliuliza, na kwamba alijibiwa.

Dada yetu, pumzika kwa amani, wala usiogope tena, mumeo alikuwa anajua, na hakuondoka.